Mwamba, Rika na Neno: Jinsi Miaka ya Kale Inavyohesabiwa katika Nchi ya Mara

Makala haya yahusu swali ambalo aghalabu huulizwa na watu wa kawaida kuliko wataalamu, nalo ni hili: miaka ambayo hakuna binadamu aliyeiona imehesabiwa namna gani? Niliulizwa swali hilo Manchira, katika wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara, nilipokuwa nikikusanya maneno ya lugha za huko. Mzee mmoja aliyekuwa akinitajia majina ya marika ya babu zake alikuwa amesikia kwa mjukuu wake kwamba mawe ya nchi yao yana umri wa miaka zaidi ya bilioni mbili. Akanigeukia akasema, "Mwalimu, mimi nakutajia marika, nawe waniuliza kila moja lilikuwa mwaka gani, nami nashindwa. Hao walioandika habari za mawe, nani aliwahesabia?"

Sikuwa na jawabu la kutosha siku ile. Mimi ni mtu wa lugha, si mtu wa miamba. Lakini nilipolitafuta jawabu niliona kwamba swali la mzee lilikuwa la haki kabisa, na kwamba linatuhusu sisi tushughulikao na Kiswahili kwa njia mbili. Kwanza, elimu ya lugha nayo iliwahi kudai kuwa na saa ya kupimia miaka ya kale, na inafaa tujue kwa nini saa ile ilishindwa pale ambapo saa ya mwamba imefaulu. Pili, maneno tuyatumiayo tunaposimulia habari hizi katika Kiswahili mara nyingi huficha ile kazi ambayo mzee alitaka kuijua.

Tuanze na marika, kwa maana ndiyo hesabu ya wenyeji. Kwa Wakurya, kama alivyoeleza Malcolm Ruel katika makala yake ya mwaka 1962, vizazi vyote vimegawanyika katika mafungu mawili, Saai na Chuma. Kila fungu lina majina manne yanayofuatana kwa zamu, mtoto akiingia katika jina linalofuata lile la baba yake. Jina la nne likiisha, la kwanza hurudi. Hesabu ya namna hii ina sifa moja kubwa, nayo ni kwamba haipotezi mpangilio. Mtu ajua bila shaka nani alimtangulia nani. Lakini ina upungufu pia. Jina likirudi, msikilizaji hajui ni mzunguko gani usemwao, wa juzi au wa babu wa babu. Na tena hakuna kizazi kinacholazimika kuwa na urefu sawa na kingine. Ili kupata mwaka, mwanahistoria hana budi kutafuta kigingi, yaani jambo moja lililokumbukwa na wenyeji na ambalo tarehe yake yajulikana kwa njia nyingine. Kigingi kinachotumika sana katika nchi zile za wafugaji ni sotoka, ule ugonjwa uliofyeka ng'ombe wa Afrika ya Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890. Rika lililokuwa na vijana wakati wa sotoka limekwisha kupata mwaka wake. Yaliyo kabla yake yabaki na mpangilio tu, bila tarehe.

Elimu ya miamba ilikuwa katika hali hiyo hiyo kwa muda mrefu. Wataalamu walijua tangu zamani kwamba tabaka la chini ni la kale kuliko tabaka la juu, maadamu halijapinduliwa. Walikuwa na marika ya ardhi, lakini hawakuwa na miaka. Mfano ulio karibu na Manchira ni bonde la Olduvai, ng'ambo ya nyika ya Serengeti upande wa kusini-mashariki. Mwaka 1913 Hans Reck, mtaalamu wa miamba kutoka Ujerumani, alikuta huko mifupa kamili ya mtu katika tabaka la pili kutoka chini, akadai kwamba mtu yule alikuwa wa kale sawasawa na tabaka lenyewe. Ubishi ulichukua takriban miaka 20. Mwishowe, mwanzoni mwa miaka ya 1930, udongo ulioshikamana na mifupa ulichunguzwa, zikaonekana ndani yake chembe za matabaka ya juu. Maana yake ni kwamba mtu yule alizikwa: watu wa zama za baadaye walichimba kaburi likashuka mpaka katika udongo wa kale. Hivyo kabla ya kuuliza umri wa kitu, yapasa kuuliza kama kitu hicho ni cha mahali pale kilipokutwa.

Mpangilio ulikuwapo, basi. Kilichokosekana ni kigingi na mwendo unaojulikana. Vyote viwili vilitoka katika unururifu, yaani tabia ya baadhi ya atomu kugeuka zenyewe kuwa atomu za namna nyingine huku zikitoa mnururisho. Jambo hili lilipogunduliwa katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, haukupita muda mrefu kabla ya Ernest Rutherford kuona kwamba laweza kuwa saa. Mwingereza Arthur Holmes alilifanyia kazi tangu ujana wake. Mwaka 1911, mwaka ule ule alipotoa umri wa miamba kwa kulinganisha urani na risasi, alikwenda Msumbiji kutafuta madini, akarudi kwao mgonjwa wa malaria. Safari ile haikumpa utajiri, lakini miamba ya pwani yetu haikumtoka moyoni: mwaka 1951 ndiye aliyeupa jina la Msumbiji ule mkanda mrefu wa miamba iliyokunjamana, upitao mashariki ya Afrika na kugusa upande wa mashariki wa Serengeti.

Saa hiyo hufanya kazi hivi. Chukua atomu nyingi za potasiamu ya namna 40. Katika miaka bilioni 1.25 nusu yake zitakuwa zimegeuka. Katika miaka bilioni 1.25 mingine, nusu ya zilizobaki, na kadhalika. Baadhi ya waandishi wa Kiswahili wameuita muda huu nusu-uhai au nusu-maisha. Mimi naona heri kusema muda wa nusu, kwa kuwa hapana kilicho hai wala kinachokufa. Katika kila atomu 100 zigeukazo, kiasi cha 11 huwa agoni, ambayo ni gesi, na zilizobaki huwa kalsiamu. Kalsiamu imejaa kila mahali katika mawe, hivyo haisaidii kuhesabu. Lakini agoni, kwa kuwa ni gesi, hutoka katika jiwe lililoyeyuka, kama mvuke utokavyo katika chungu kilicho wazi. Volkano ikilipuka, chungu kimefunuliwa. Lava au majivu yakipoa na kuganda, kifuniko kimerudi. Tangu saa hiyo kila atomu ya agoni izaliwayo hunaswa ndani ya fuwele. Hapa ndipo kigingi kilipo: mlipuko wenyewe huanzisha hesabu. Ndiyo sababu nchi ya volkano kama yetu imekuwa daftari bora la historia ya dunia, na ndiyo sababu kinachopimwa si mfupa bali ni majivu yaliyo chini na juu ya mfupa.

Tarehe 17 Julai 1959 Bibi Mary Leakey aliona katika tabaka la kwanza la Olduvai fuvu ambalo mumewe, Bwana Louis Leakey, aliliita Zinjanthropus, akitumia jina la kale la pwani yetu, Zinj. Bwana Leakey alikisia kwamba fuvu lile lilikuwa na umri wa miaka 600,000 na zaidi, na hata hesabu hiyo wengi waliiona kubwa. Mwaka 1961 yeye pamoja na Jack Evernden na Garniss Curtis wa chuo kikuu cha California walitangaza matokeo ya potasiamu na agoni kutoka katika majivu ya tabaka lile: miaka 1,750,000. Ili msomaji apate kuelewa udogo wa kitu kilichopimwa, na azingatie hesabu hii: katika muda wa miaka milioni 1.8 hivi, kati ya atomu 10,000 za potasiamu ya namna 40 ni 10 tu zilizogeuka, na katika hizo 10 ni moja tu iliyokuwa agoni. Ndiyo iliyotafutwa.

Watu hawakukubali mara moja, wala hawakupaswa kukubali. Mwaka ule ule wa 1961 Ralph von Koenigswald, Wolfgang Gentner na Hans Lippolt walitoa kipimo chao cha lava iliyo chini ya tabaka la kwanza, wakapata miaka milioni 1.3. Kama ni kweli, sakafu ilikuwa changa kuliko kilichomwagwa juu yake, jambo lisilowezekana. Ilionekana baadaye kwamba taabu ilikuwa katika jiwe: mwamba ulioliwa na maji na hewa hupoteza agoni, nao huonekana mchanga kuliko ulivyo. Kifuniko cha chungu kilikuwa na ufa. Mwaka 1965 Robert Fleischer na wenzake walitumia njia nyingine kabisa, ya kuhesabu kovu zinazoachwa ndani ya kioo cha volkano kila atomu ya urani inapopasuka yenyewe. Walipata miaka milioni 2.03, pamoja na kosa linaloweza kufikia miaka 280,000 huku na huku. Namba hiyo haifanani na ile ya 1961, lakini mipaka ya kosa lake yaikumbatia. Njia mbili zisizo na udugu zilifika mahali pamoja. Vipimo vya siku hizi vya agoni, vilivyo bora zaidi, vimeweka fuvu lile karibu na miaka milioni 1.84.

Olduvai imeipa dunia jambo lingine ambalo mzee wa Manchira angelielewa upesi. Lava ikiganda, chembe za chuma zilizomo hushika mwelekeo wa sumaku ya dunia. Na sumaku hiyo imegeuka mara nyingi, kaskazini ikawa kusini na kusini ikawa kaskazini. Huu ni mfululizo wenye majina mawili tu yanayopokezana, mfano wa marika ya mzunguko: mpangilio upo, lakini mtu akikuta jiwe lenye mwelekeo fulani hawezi kujua ni mzunguko gani mpaka apate kigingi. Lava ya Olduvai, iliyopimwa na Sherman Grommé na Richard Hay katika miaka ya 1960, ilikuwa na vyote viwili, mwelekeo na umri. Kwa hiyo kipindi kile kifupi, tangu kiasi cha miaka milioni 1.9 hadi milioni 1.8 iliyopita, huitwa Olduvai hata na wachunguzao matope ya chini ya bahari ya Atlantiki au ya Pasifiki.

Nisije nikadhaniwa kuwa nasifu tu, nitaje kosa lililokuwa maarufu. Koobi Fora, mashariki ya ziwa Turkana katika Kenya, kuna tabaka la majivu liitwalo KBS. Frank Fitch na Jack Miller walitangaza mwaka 1970 kwamba lina miaka milioni 2.6. Mwaka 1972 Bwana Bernard Ngeneo aliona chini ya majivu hayo vipande vya fuvu kubwa lililopewa namba 1470, na kwa hesabu ile fuvu hilo likawa la ajabu kwa ukale. Waliotia shaka kwanza hawakuwa wenye mitambo. Basil Cooke, mjuzi wa nguruwe wa kale, alionyesha kwamba meno ya nguruwe wa Koobi Fora yalilingana na ya nguruwe wa bonde la Omo, Ethiopia, waliokuwa katika majivu ya miaka kama milioni mbili tu. Curtis alipima tena mwaka 1975 akapata umri mdogo, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 kipimo cha agoni na kile cha kovu za urani vilikubaliana juu ya miaka milioni 1.88 hivi. Kosa halikutoka katika mwendo wa saa. Lilitoka katika chembe za mawe ya kale zaidi zilizochanganyika na majivu, kama lile kaburi la Reck kwa kinyume: huku kipya kiliingia katika cha kale, huko cha kale kiliingia katika kipya. Nao nguruwe walifanya kazi ya shahidi wa pili.

Sasa turudi Manchira. Magharibi ya Serengeti na sehemu kubwa ya nchi ya Mara imekaa juu ya gimba la kale sana la bara letu, lenye mawe ya itale, au granaiti kama waitavyo wengi, na mikanda ya lava za kale zilizogeuka rangi kuwa kijani. Ndani ya mikanda hiyo ndimo mlimo dhahabu ya Tarime na Buhemba. Kwa miamba ya namna hii wataalamu hutumia zikoni, fuwele ndogo kama chembe ya mchanga, ambayo inapozaliwa hukubali urani na kuikataa risasi. Risasi itakayokutwa humo baadaye, basi, imezaliwa humo. Na urani ni ya namna mbili: ya 238, yenye muda wa nusu wa miaka bilioni 4.47, na ya 235, yenye muda wa nusu wa miaka milioni 704. Kila moja hugeuka kuwa risasi ya namna yake. Chembe moja, saa mbili.

Mwaka 2006 Shukrani Manya na Makenya Maboko wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Japani Katsura Kobayashi na Eizo Nakamura, walitoa umri wa lava na itale za mkanda wa Musoma na Mara kwa njia hiyo. Lava zile zilipatikana kuwa na umri wa miaka karibu bilioni 2.67. Katika chembe ya umri huo, kati ya atomu 100 za urani 238 zilizokuwapo mwanzo, kiasi cha 34 zimekwisha kuwa risasi. Kati ya 100 za urani 235, kiasi cha 93. Saa moja imekwenda theluthi ya njia, ya pili karibu imefika mwisho, nazo zote mbili zasoma wakati ule ule. Kama chembe ingalikuwa imevuja, zisingalipatana. Dunia yenyewe, kwa kipimo cha Clair Patterson cha mwaka 1956 juu ya risasi ya vimondo, ina miaka bilioni 4.55, yaani mawe ya Mara yalizaliwa dunia ilipokuwa haijafika nusu ya umri wake wa leo.

Yamkini msomaji atauliza, lugha zaingiaje hapa? Willard Libby alipoanzisha mwaka 1949 upimaji wa kaboni 14, ambayo kwa muda wa nusu wa miaka 5,730 hufaa kwa mifupa na makaa ya miaka isiyozidi 50,000 hivi, Morris Swadesh aliona njia ya kuiga. Alidai kwamba maneno ya msingi ya lugha yo yote, kama "jicho", "maji" na "kufa", hupotea kwa mwendo mmoja, na kwamba katika miaka 1,000 hubaki maneno 86 kati ya 100. Basi ukihesabu maneno yanayofanana katika lugha mbili ndugu, utajua ziliachana lini. Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya udaktari nilifundishwa hesabu hii zaidi kama onyo kuliko kama njia. Mwaka 1962 Knut Bergsland na Hans Vogt walionyesha kwamba Kiaislandi kilibakiza karibu maneno yake yote ya msingi kwa miaka 1,000, hali Kinorwe, ndugu yake, kilipoteza mengi zaidi. Mwendo haukuwa mmoja.

Sababu yake si ngumu. Atomu ya urani haijui kwamba ina jirani. Haibadiliki kwa joto la kawaida la mwamba, wala haina aibu, wala haiendi shule. Neno lina hayo yote. Kiikoma, Kinata, Kiisenye, Kingoreme na Kikurya ni lugha zilizoishi kando ya wafugaji wa Kitatoga na wa Kimaasai, zikapeana nao bidhaa, wake na maneno. Na sasa kila mtoto wa Manchira huingia darasani na kutoka na msamiati wa Kiswahili. Neno moja hufukuzwa na mwiko, lingine na soko. Orodha ya maneno yaweza kutuambia nani ni ndugu wa nani, nayo ni faida kubwa. Lakini ni mpangilio, kama marika. Miaka yake haina budi kukopwa kwa wachimbaji wa mambo ya kale, na wao huikopa katika kaboni.

Limebaki jambo la mwisho. Katika Kiswahili cha vitabu na magazeti aghalabu twasoma kwamba mabaki fulani "yanasadikiwa" kuwa na umri wa miaka milioni kadhaa, au kwamba "inasemekana" mawe fulani ni ya kale. Kusadiki ni kazi ya imani, na kusemekana ni kazi ya uvumi. Mwandishi hakukusudia ubaya. Alitaka kuwa mwangalifu. Lakini mwanafunzi asomaye hivyo afundishwa bila kuambiwa kwamba hapa hapakufanyika kazi yo yote ila watu kukubaliana, na siku atakapoulizwa na babu yake "nani alihesabu?" hatakuwa na la kusema. Lugha yetu haikosi maneno. Iwapo umri umepimwa, tuseme umepimwa, kwa njia gani, katika kitu gani, na kosa laweza kufika wapi. Iwapo umekisiwa, tuseme umekisiwa, kama miaka 600,000 ya Bwana Leakey. Na iwapo twajua mpangilio tu, tuseme hiki kilitangulia kile, tusiongeze mwaka usiokuwapo.

Niliporudi Manchira nilimweleza mzee kwa mfano wa chungu na kifuniko, na wa saa mbili katika chembe moja. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama kifuniko kikipasuka hao wataalamu hujuaje. Nikamweleza habari za lava ya Olduvai na nguruwe wa Koobi Fora. Akasema, "Basi nao huita shahidi wa pili," akaendelea kunitajia marika kuanzia pale alipokuwa ameachia.